Kuku Weupe Wawili, Vifaranga wa Rangi

Mkulima mmoja wa upande wa Magharibi ametuandikia barua ndefu juu ya kuku wake, na kwa kuwa jambo lililompata huwapata wengi, tumeona yafaa kumjibu hapa mbele ya wasomaji wote.

Asema hivi. Alinunua jogoo mweupe wa aina ya Leghorn, akamtia pamoja na mitetea wake watano wa kienyeji, ambao nao wote walikuwa weupe. Vifaranga wa kwanza walitoka weupe watupu, naye akafurahi, kwa maana alitaka kundi la rangi moja. Akachagua pora mmoja na matembe kadhaa kati ya vijana hao, akawauza wazazi, akawaacha vijana wazaane. Mayai yao yalipoanguliwa alihesabu vifaranga 48. Weupe walikuwa 38. Kumi waliobaki walikuwa na rangi: wengine weusi, wengine wekundu, wengine mchanganyiko wa rangi hizo. Jogoo mwingine hakuwapo bomani, na kuku wake hufungiwa ndani ya uzio wa waya. "Bwana Mhariri," aandika, "nilimwambia shemeji yangu, ambaye nyumba yake imepakana na yangu, kwamba yeye ndiye aliyebadilisha mayai chini ya kuku wangu. Tangu siku hiyo hatusalimiani. Sasa nataka kujua, je, kuku weupe waweza kuzaa weusi?"

Naam, waweza. Tena hesabu yake ya kumi kati ya 48 yakaribia sana hesabu ambayo mtu mwenye kujua elimu ya urithi angaliitaja kabla mayai hayajaanguliwa. Basi, ndugu mkulima, soma polepole, na ikiwezekana chukua kalamu na karatasi.

Mwaka 1866 mtawa mmoja wa mji wa Brno, jina lake Gregor Mendel, alichapisha habari za majaribio yake ya kupanda njegere. Watu wengi hawakumjali, hata mwaka 1900, yeye akiwa amekwisha kufa, wataalamu wengine walipoifufua kazi yake. Mwaka 1902 Bwana William Bateson wa Uingereza alionyesha kwamba sheria alizoziona Mendel katika njegere huwatawala wanyama pia, na mnyama aliyemtumia ni huyu huyu kuku wetu. Kwa hiyo elimu hii si ngeni kwenye banda la kuku. Ilianzia humo karibu.

Sheria ya kwanza ni hii. Kwa kila jambo la mwili wake, kifaranga hupata mbegu mbili za urithi, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Wataalamu huziita jeni. Mbegu hizo mbili zikiwa za namna moja, hakuna shida. Zikiwa tofauti, mara nyingi moja huonekana na ya pili hujificha. Ile inayoonekana twaiita yenye nguvu, na iliyojificha twaiita dhaifu. Lakini usidhani kwamba yenye nguvu ndiyo bora, au kwamba iliyojificha imekufa. Iko pale pale ndani ya kuku, naye aweza kuwapa watoto wake.

Wengi huielewa sheria hiyo, kisha hukwama hapa: hudhani kwamba rangi ya manyoya ni jambo moja lenye mbegu zake mbili tu. Sivyo. Rangi ya kuku ni kazi ya mbegu nyingi zinazofanya kazi pamoja, na nyingine huweza kuiharibu au kuizuia kazi ya wenzake.

Fikiri habari ya nyumba inayopakwa rangi. Kwanza lazima rangi yenyewe itengenezwe. Pili, mwenye nyumba aamue ni wapi papakwe nyeusi na wapi nyekundu. Tatu, mafundi waifikishe rangi ukutani. Sasa, kama rangi haikutengenezwa, maagizo ya mwenye nyumba yana faida gani? Nyumba itabaki nyeupe. Na kama rangi imetengenezwa madebe kwa madebe, lakini mtu amesimama mlangoni akiwazuia mafundi, nyumba itabaki nyeupe vile vile. Apitaye barabarani ataona nyumba mbili nyeupe, asijue kwamba moja ilikosa rangi na nyingine ilizuiliwa rangi.

Kuku weupe wako hivyo. Kuna weupe wa namna mbili, na kwa macho huwezi kuwatofautisha kwa urahisi.

Namna ya kwanza ni kuku asiyeweza kutengeneza rangi ya manyoya. Mbegu ya kutengeneza rangi tuiite C kubwa, na ile iliyoharibika tuiite c ndogo. Kuku mwenye C moja tu hutengeneza rangi ya kutosha, kwa hiyo C ndiyo yenye nguvu. Ili awe mweupe, lazima apate c mbili. White Wyandotte na White Plymouth Rock ni weupe wa namna hii, na baadhi ya kuku wetu weupe wa kienyeji pia.

Namna ya pili ni kuku mwenye mzuiaji mlangoni. Mbegu ya kuzuia tuiite I kubwa, na ile isiyozuia i ndogo. Hapa mambo yamegeuka: I moja yatosha kumfanya kuku awe mweupe, hata kama amejaa C za kutengeneza rangi. Leghorn mweupe ndiye mfano unaojulikana zaidi. Chini ya weupe wake kuna mbegu za rangi kamili, ila zimefungiwa mlango.

Haya si maneno ya kubahatisha. Mwaka 2004 wataalamu walitambua jeni hasa inayomfanya Leghorn awe mweupe, na mwaka 2006 waliitambua ile inayowafanya weupe wa namna ya kwanza. Ni jeni mbili mbalimbali. Ile ya pili yahusu kimeng'enya kinachoanzisha kazi ya kutengeneza rangi mwilini, na iliharibika kwa sababu kipande cha virusi vya zamani kiliingia katikati yake, kikarithiwa vizazi kwa vizazi.

Sasa turudi bomani kwa rafiki yetu. Jogoo wake Leghorn alikuwa na I mbili na C mbili. Mitetea wake wa kienyeji, kwa jinsi mambo yalivyotokea, walikuwa na i mbili na c mbili. Kila kifaranga wa kwanza alipata I na C kwa baba, akapata i na c kwa mama. Wote walikuwa na mzuiaji mmoja, kwa hiyo wote walikuwa weupe. Mpaka hapo hakuna wa kushangaa.

Lakini vijana hao walibeba mbegu nne zisizolingana: I, i, C na c. Walipozaana wao kwa wao, kila mmoja alitoa mbegu zake kwa bahati, kama mtu anayetia mkono mfukoni bila kutazama. Chukua vifaranga 16. Kwa wastani, 12 kati yao watapata walau I moja. Hao ni weupe, mlango umefungwa, wala hakuna haja ya kuuliza habari za C. Wanabaki wanne wasio na mzuiaji. Kati ya hao wanne, watatu watapata walau C moja. Rangi yatengenezwa, mlango uko wazi: hao ndio weusi na wekundu waliomtia rafiki yetu wasiwasi. Wa nne amepata c mbili. Hana mzuiaji, lakini hana rangi ya kuzuiliwa, naye ni mweupe. Basi weupe ni 13 na wenye rangi ni watatu. Hesabu hii ya 13 kwa 3 imo katika vitabu vya urithi tangu siku za Bateson na mwenzake Punnett.

Zidisha mara tatu upate 48. Wenye rangi wangekuwa tisa. Yeye alipata kumi. Usitazamie hesabu iangukie sawasawa kila mara, kwa maana mbegu hutoka kwa bahati. Kwa vifaranga 16 waweza kupata mmoja au sita. Ukiangua 160 ndipo utaona wenye rangi wakikaribia 30.

Msomaji mwenye akili atauliza: na huo weusi na wekundu ulitoka wapi, hali mababu wote walikuwa weupe? Ulitoka kwa mababu hao hao. Mwenye nyumba alikuwa ametoa maagizo yake siku zote, ila hakuna aliyeyatimiza. Kuku mweupe hubeba mbegu za kuamua weusi, wekundu, milia na madoadoa kama kuku mwingine ye yote. Ndiyo sababu huwezi kujua kwa kumtazama atazaa wajukuu wa rangi gani.

Hapa tuseme neno kwa wale wanaotaka kundi jeupe tu. Watu wengi huwachinja vifaranga wote wa rangi kila mwaka, wakidhani kwamba baada ya miaka michache rangi itakwisha. Itapungua, lakini haitaisha upesi, kwa sababu kuku mweupe mwenye I moja na i moja hafanani na mwenye rangi, naye hupona kila mara unapochagua. Kinyume cha watu wanavyofikiri, ni ile mbegu dhaifu iliyo rahisi kuitunza safi. Kuku mwenye c mbili akizaana na mwenziwe mwenye c mbili hawawezi kuzaa kifaranga wa rangi hata mmoja, kwa kuwa hakuna C ya kujificha popote. Taabu ya rafiki yetu haikuletwa na kuku wabaya. Ililetwa na kuchanganya weupe wa namna mbili na kudhani ni namna moja.

Kumpima jogoo mweupe si kazi ngumu. Mtie pamoja na mitetea weusi watatu au wanne waliotoka maboma mbalimbali. Vifaranga wote wakitoka weupe, jogoo ana I mbili. Wakitoka wote wenye rangi, jogoo hana mzuiaji; yeye ni mweupe wa namna ya kwanza. Wakitoka nusu kwa nusu kwa kila mama, huenda ana I moja. Tumesema mitetea watatu au wanne kwa sababu mmoja mweusi aweza kuwa amebeba c kwa siri akakupotosha. Ni vigumu wanne wote wawe hivyo. Tena watazame vifaranga weupe wakianza kuota manyoya. Mwenye I moja mara nyingi huonyesha madoa madogo meusi hapa na pale, kana kwamba mzuiaji amesinzia kidogo. Na ukimzalisha Leghorn na mitetea wekundu, usishangae kuona wekundu hafifu kifuani au mabegani mwa watoto, kwa kuwa I huzuia sana rangi nyeusi lakini huzuia nyekundu kwa ulegevu.

Jambo moja huharibu majaribio mengi, nalo halina uhusiano na hesabu. Mtetea huhifadhi mbegu za jogoo ndani ya mwili wake, na aweza kutaga mayai yenye uhai kwa wiki mbili, pengine tatu, baada ya jogoo kuondolewa. Ukileta jogoo mpya leo na kuatamiza mayai ya kesho, vifaranga huenda ni wa yule uliyemla Jumapili. Ngoja wiki tatu kamili kabla hujaweka yai la kwanza la majaribio. Magomvi mengi kuliko ya Leghorn yameletwa na jambo hili.

Mbegu nyingine za rangi zina faida ya fedha taslimu, na hapa yafaa tukae kidogo. Mkulima anayefuga kuku wa mayai hataki kuwalisha pora miezi miwili ndipo agundue kuwa si matembe. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, chakula kilipokuwa haba Uingereza, Punnett alishauri kwamba rangi itumike kuwatenga vifaranga mara wanapoanguliwa. Njia hiyo yatumika mpaka leo.

Msingi wake ni huu. Kwa binadamu, baba ndiye ambaye mbegu yake huamua kama mtoto ni mume au mke. Kwa kuku ni mama. Jogoo ana kromosomu mbili za namna ya Z. Mtetea ana Z moja na nyingine ndogo iitwayo W. Mtetea huwapa watoto wake wa kiume ile Z, na binti zake huwapa W. Kwa hiyo mbegu yo yote iliyo juu ya Z ya mama huenda kwa wana wake tu. Binti hupata Z yao kwa baba peke yake.

Mbegu moja iliyo juu ya Z huondoa wekundu na kuacha weupe wa fedha. Light Sussex anayo. Rhode Island Red hana. Basi chukua jogoo wa Rhode Island Red na mitetea wa Light Sussex. Wana watapata mbegu ya fedha kwa mama yao, watoke na vinyoya vya rangi ya siagi iliyopauka. Binti hawatapata kitu kwa mama upande huo. Watakuwa wekundu au kahawia kama baba. Siku ile ile ya kuanguliwa waweza kuwatenga kwa macho. Lakini ukigeuza, ukatia jogoo wa Light Sussex kwa mitetea wa Rhode Island Red, kazi imeharibika. Baba atawapa wana na binti mbegu ya fedha sawasawa, na wote watatoka wamepauka.

Milia ya kijivu ya Barred Plymouth Rock nayo iko juu ya Z. Tia jogoo mweusi, kama Black Australorp, kwa mitetea wa Barred Rock. Vifaranga wote huonekana weusi, lakini pora wana doa jeupe utosini na matembe hawana. Wakikua, pora watakuwa na milia na matembe weusi. Usijaribu kusoma doa hilo kwa vifaranga wa kienyeji wa rangi mchanganyiko, kwa maana juu ya vinyoya vyeupe au vya manjano doa jeupe halionekani.

Wengi wa matembe wa kahawia wa kuku wa mayai wanaouzwa na watotoleshaji wa siku hizi walipatikana kwa njia hii ya dhahabu na fedha. Tunaulizwa mara kwa mara kama mtu aweza kuatamiza mayai yao na kuendelea kuwatenga vifaranga kwa rangi. Hawezi. Katika kizazi cha pili mbegu ya fedha na ya dhahabu hugawanyika kwa pora na matembe bila ubaguzi, na rangi haisemi kitu tena. Mtu akikuuzia vifaranga wa namna hiyo akisema "hawa wa kahawia wote ni matembe", mwulize kwanza wazazi wao ni kina nani.

Kuna na mbegu ambazo hazishindani, ila huafikiana. Andalusian wa rangi ya kijivu-buluu ndiye mfano. Ukiwazalisha buluu kwa buluu, katika kila vifaranga wanne utapata wawili buluu, mmoja mweusi, na mmoja mweupe mwenye madoadoa. Anayetaka buluu watupu na amchukue mweusi amzalishe na yule mwenye madoadoa. Wote watakuwa buluu.

Wengine watasema, rangi itanifaa nini, mimi nataka mayai na nyama. Wasemalo lina haki. Kuku hatagi kwa rangi ya manyoya, wala rangi ya ganda la yai haitoki kwa mbegu hizi tulizotaja. Lakini kuku mweupe akinyonyolewa mwili wake huwa safi, vishina vya manyoya havionekani, na hiyo ni sababu moja kuku wa nyama wengi huwa weupe. Kwa upande mwingine, kifaranga mweupe anayezurura kwenye majani mabichi ni karamu ya mwewe, na mkulima asiye na uzio angefikiri mara mbili kabla ya kuutamani weupe.

Sasa majibu yetu kwa mwandishi wa barua. Kwanza, asizalishe tena pora na dada zake. Kwa rangi hakuna ubaya, lakini ndugu wakizaana kizazi baada ya kizazi, mayai hukataa kuanguliwa na vifaranga hudhoofika. Atafute jogoo mwingine, na kabla ya kumlipa amwulize mwenye jogoo kama amewahi kuzaa na kuku weusi, na watoto walikuwa wa rangi gani. Pili, awafunge vifaranga wake nyuzi miguuni na kuandika katika daftari baba na mama wa kila kundi. Bila daftari hata Bateson asingalijua kitu. Tatu, wale kumi wa rangi ni kuku wazima kama wenzao. Awakuze, awauze.

Na kuhusu shemeji yake, mayai hayakubadilishwa. Tumemtumia nakala mbili za gazeti hili, moja yake na moja ya kupeleka ng'ambo ya ua, na ingefaa aipeleke mwenyewe kwa mkono wake, pamoja na mmoja wa wale pora wekundu.